Wazazi wa Roboti – Chumbageni 🤖

ALHAMISI

Mama Salma, 16:12
Assalaam alaykum wazazi. Shikamooni wakubwa. Basi la kwenda Dar kwenye mashindano ya roboti ni kesho saa 11 alfajiri, stendi ya Kange. Nauli ni ya watoto 7, mpaka sasa nimepokea ya watoto 4. Majina siyataji.

Mama Salma, 16:14
La pili ndilo kubwa. Roboti haiingii kwenye boksi. Watoto wametengeneza boksi la kadibodi kwa kipimo cha sheria za mashindano, sentimita 45.7 kila upande. Mkono umetokeza mbele sentimita moja na nusu. Ikikataliwa kwenye ukaguzi Jumamosi haichezi hata mechi moja.

Mama Salma, 16:31
Jamani?

Mama Salma, 16:50
Mmesoma watu 11. Nawaona.

Baba Neema, 16:58
Tupo. Dukani wateja wengi.

Baba Rehema, 17:04
Ileteni hapa gereji. Nina grenda, dakika 5 hiyo sentimita nimeikata. Na mota naifunga upya mwenyewe.

Mama Khadija, 17:06
Tusirudie ya mwaka jana.

Baba Rehema, 17:06
Yapi?

Mama Khadija, 17:11
Unayajua. Mkono uliufunga wewe usiku, watoto wamelala. Majaji wakamwuliza Khadija kwa nini gia ndogo ndiyo inazungusha kubwa, mtoto akainamisha kichwa. Alilia kutoka Mbezi mpaka Segera. Niliyekaa naye ni mimi.

Baba Rehema, 17:13
Vifaa nilinunua kwa pesa yangu. Na lile sufuria la Pangani mbona halisemwi?

Baba Neema, 17:13
Sufuria tena 😂😂

Mjomba Bakari, 17:15
Hilo sufuria liingizwe kwenye grupu lijitetee lenyewe 😂

Mama Salma, 17:16
Jamani BETRI. Umeme umekatika tangu saa 8 mchana. Betri ina nusu, na usiku huu wanataka kufanya majaribio. Nani ana jenereta?

Mjomba Bakari, 17:18
Betri ya bajaji yangu nayo ni volti 12. Ifungeni, roboti ikitoka mashindanoni ipakie abiria pale Kange.

Baba Neema, 17:18
Abiria watatu, jaji akae mbele na dereva 😂

Mama Salma, 17:20
Mjomba, betri ni aina ile ile iliyopitishwa, si nyingine. Baba Neema, wewe una jenereta ya friji.

Baba Neema, 17:26
Na petroli?

Shangazi Maryam (Maskati), 17:41
Ndiyo nasoma sasa. Mnawakumbuka wale mabinti wa Herat, Afghanistan? Mwaka 2017 viza ya Marekani walinyimwa mara 2, vifaa vyao vikakwama forodhani miezi. Vilipofika wakaunda roboti yao kwa wiki 2, na waliporuhusiwa mwishoni wakaenda kushindana Washington na kurudi na medali ya fedha ya ujasiri. 2020 timu hiyo ikaunda mashine ya kupumulia kwa vipuri vya Toyota Corolla. Sasa nauliza, mwaka huu rimoti anashika nani? Maana mwaka jana wasichana wetu walishikishwa bango.

Mama Salma, 17:44
Mwaka huu rimoti ni za Salma na Khadija, dakika 2 zote. Zile sekunde 30 za mwanzo roboti inapojiendesha yenyewe, programu kaiandika Yusufu.

Baba Rehema, 17:50
Safari kesho alfajiri, mnazungumza Afghanistan. Grenda ipo hapa.

Mama Salma, 18:22
Shikamooni. Ni Salma, nimeshika simu ya mama. Tunaomba mkono usikatwe, ukikatwa hautafika kwenye kikapu cha juu. Tunataka kuurudisha nyuma matundu mawili kwenye fremu. Tundu hadi tundu ni milimita 8, mawili ni 16, na sisi tumezidi 15. Ila waya wa mota hautafika, lazima tuunge. Khadija anajua kulehemu lakini umeme hakuna.

Baba Rehema, 18:24
Nyuma nako itazidi.

Mama Salma, 18:25
Nyuma tuna sentimita 2. Nimepima mara tatu, baba. (Salma)

Babu Athumani, 18:40
Nimesomewa yote na mjukuu wangu. Mimi nimekaa karakana ya reli miaka 31. Fundi aliyenifunza akiona nakosea alikuwa anaweka mikono nyuma, anasimama. Spana haninyang'anyi. Hiyo roboti asiiguse mtu mzima. Ikizidi, imezidi, wataeleza wao walipofika. Baba Rehema, una mikono mizuri mwanangu, sote tunajua. Peleka waya na chuma cha kulehemu, viweke mezani, kisha kaa barazani.

Baba Rehema, 19:09
Nimekusikia baba.

Baba Rehema, 19:09
Napeleka.

Baba Neema, 19:12
Jenereta inakuja na mkokoteni. Petroli tutaongea.

Mama Khadija, 19:15
Allah akuweke babu.

Mama Salma, 19:16
Amin. Nauli bado 3.

Mama Salma, 20:47
[Video]
Tazameni mkono wa Khadija, hautetemeki. Ganda la waya wamelichuna kwa wembe, Rehema anammulikia kwa simu.

Mama Khadija, 20:49
Mwanangu 🤲🏾

Baba Rehema, 20:55
Nipo barazani. Risasi ya kulehemu imezidi kidogo pale mwisho wa waya, naiona kwa dirishani. Sijasema kitu.

Mama Salma, 21:38
BOKSI LIMEFUNIKA. Linagusa, lakini limefunika. Sasa wanajaribu zile sekunde 30, mara mbili imekwenda vizuri, ya tatu imekwenda ukutani. Nauli bado 2. Na roboti inakaa wapi ndani ya basi? Kwenye buti hapana, mwaka jana gurudumu lilitoka.

Mama Khadija, 21:41
Mapajani, kwa zamu.

Baba Rehema, 21:42
Kilo 14, mapajani mwa mtoto mpaka Mbezi? Ikatiwe kiti chake.

Mama Salma, 21:42
Kwa nauli ipi?

Baba Neema, 21:58
🤔

Baba Yusufu, 22:16
Shikamooni, ndiyo nashika simu sasa hivi. Roboti imeingia kwenye boksi? Kesho tunaanzia wapi?

Mama Salma, 22:17
Marahaba Baba Yusufu. Panda juu usome. Na nauli ya Yusufu.