Posti za fensi kwenye udongo mweusi wa Ahero: zege, murram au chuma?

MamaMbuzi: Hamjambo wenzangu. Nina robo eka hapa Ahero, udongo mweusi tititi. Mwaka juzi niliweka posti 42 za mkaratusi uliotiwa dawa, mashimo ya futi moja na nusu, zege hadi usoni. Leo zile za upande wa mtaro zimepanda na kulalia kwa jirani, waya umelegea, mbuzi wanapita. Posti ya pembeni zege lake limetokeza kama uyoga, na chini yake mkono wangu unapita. Fedha niliyo nayo ni ya kurudia mara moja tu. Niongeze zege, nishindilie murram (ule udongo mwekundu wa changarawe wa barabarani), au nipigilie chuma?

FundiTimazi: Pole sana mama. Usiongeze zege juu, maana uyoga huo ndio unaokuinulia posti. Udongo huu ukinywa maji huvimba, ukalibana lile zege pana na kulinyanyua. Kiangazi unapasuka, mabonge na vumbi vinadondokea chini ya posti, basi haina pa kurudi. Msimu ukija inapanda tena.

Mimi huchimba futi tatu, shimo pana chini kuliko mdomoni, kama chungu. Kwenye mguu wa posti napigilia misumari ya inchi sita, vichwa vikibaki nje, kisha namwaga zege la 1:3:6 (saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita) futi moja tu huko chini. Lazima lishike misumari. Kuanzia hapo narudisha murram, inchi sita kwa inchi sita, kila tabaka nalishindilia kwa mtaimbo hadi mlio ubadilike. Usoni naacha kilima kidogo maji yasisimame. Na huo mtaro, mama, usogeze mbali na fensi kwanza.

Kibigori_Shambani: Fundi, hapo kwenye murram nina wasiwasi. Mimi nilijaza kokoto, shimo likawa ndoo. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea, posti zikaoza.

FundiTimazi: Kokoto tupu ndiyo hufanya hivyo, ndugu yangu. Murram yenye udongo wa kutosha, ikishindiliwa na unyevu kidogo, inafunga.

Molo_Juu: Kaka yangu yuko Minnesota, Marekani. Kule posti hupandishwa na barafu: maji ya ardhini yanaganda matabaka matabaka na kuusukuma udongo juu. Hivyo misingi yao inashuka inchi 42 kusini mwa jimbo, 60 kaskazini, chini ya pale baridi inapofika. Huku kwetu Molo sakitu inaunguza viazi alfajiri lakini haishuki ardhini. Hata hivyo dawa ni moja: mguu wa posti ukae chini ya udongo unaotembea.

Lanet_Kuku: Kwa posti za katikati ningechukua chuma cha pembe, kile chenye umbo la L. Ni chembamba, udongo hauna pa kukishika sana, na kikipanda unakirudisha kwa nyundo. Pigilia mvua ikishalainisha ardhi. Bei iko juu kuliko mti, ila mchwa hawakili. Pembeni usikitegemee bila mihimili ya kuegemeza.

Awasi_Nyumbani: Mama, pandia na ojuok (mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe) mstari mzima. Inaota kwa kipande tu cha tawi, na ikishafungamana mbuzi hapiti. Ila unapokata kinga macho, utomvu wake unaweza kukupofusha.

MamaMbuzi: Asanteni sana. Leo tumechimba shimo la kwanza la pembeni. Futi mbili mtaimbo bado unanata, lakini tulipokaribia tatu udongo umegeuka kijivu na una vijiwe vyeupe, mgumu. Nisimame hapo?

FundiTimazi: Ongeza nusu futi ndani ya huo mgumu, halafu upanue chini. Usimwage zege shimo likiwa na maji.

MamaMbuzi: Sawa fundi. Pembe nne na lango nitafanya hivyo, katikati chuma, na ojuok nitaipanda mvua zikianza. Mbuzi nimewafunga kamba kwa sasa.