Krismasi ushago ama Mombasa? Naomba ushauri

Habarini wandugu, naomba mnisaidie kufikiria manake nimekwama. Tangu nioe kila tarehe 23 Disemba tunapanda basi Nairobi kwenda Kakamega, nauli ikiwa imepanda vile hupanda kila Disemba, na usiku wa 24 chapati zinapikwa watoto wote wa boma wakizunguka jiko wakingoja ile ya kwanza. Sasa mwaka huu wangu wawili (14 na 11) wanataka Mombasa na treni ya SGR, wanasema ushago hakuna netiweki na hata binamu zao siku hizi hawaji. Na hawadanganyi, mwaka jana tulikuwa watu saba tu, wengine walituma pesa kwa simu wakamaliza.

Nimempigia mama nikamwambia nitatuma ya mbuzi halafu tuje Pasaka, akanyamaza kidogo akauliza, "Na huyo mbuzi nitamla na nani?" Nikakosa jibu. Kumwalika Mombasa amekataa, ati nani atakamua ng'ombe.

Wenye mmepitia hii, mligawanya siku aje bila mzazi kuhisi ametupwa? Na tukienda ushago, watoto wa umri huo niwape kazi gani wasishinde kwa simu?