Kishikwambi kimoja, wanafunzi wawili wenye mahitaji tofauti

Mwalimu wa Darasa la Nne:
Ndugu walimu, habari za kazi. Nafundisha shule ya msingi ya serikali, nami ni miongoni mwa waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Darasani nina mwanafunzi mwenye ualbino ambaye hata akiketi dawati la mbele hasomi ubaoni, na mwingine ambaye ana usikivu hafifu. Naomba kujua ni vipengele gani vya ufikivu vya Android, yaani vya kuwarahisishia wenye ulemavu matumizi ya kifaa, vinavyoweza kuwasaidia, ikizingatiwa kwamba kifaa ni kimoja na bando nanunua kwa fedha zangu.

Mwalimu wa elimu maalumu:
Mwalimu, anza na mwenye uoni hafifu, kwani msaada wake hauhitaji intaneti. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya ufikivu, kisha washa ukuzaji wa skrini. Ukimaliza kuandika ubaoni, piga picha, umpe mtoto kifaa anakili kutoka kwenye picha, akiikuza na kuisogeza mwenyewe kwa vidole. Watoto wengi wenye ualbino huumizwa macho na mwanga mkali, kwa hiyo punguza mwangaza wa skrini na umketishe mahali ambapo jua la dirishani halimpigi usoni. Kipo pia kipengele cha kugeuza rangi, ambacho hufanya ukurasa mweupe wa kitabu uwe mweusi wenye maandishi meupe. Lakini usikitumie kwenye picha ya ubao mweusi, maana utamrudishia weupe uleule unaomsumbua.

Mwalimu wa Kiswahili:
Kwa mwenye usikivu hafifu, ipo programu ya Google inayogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, na Kiswahili inakifahamu. Hata hivyo, nisingeitegemea katika darasa lililojaa, kwa sababu inahitaji intaneti, na kelele zikizidi huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Itumie katika mazungumzo ya watu wawili, mathalani unapomwelekeza mtoto huyo peke yake. Kipo pia kikuza sauti, ambacho hutumia spika za masikioni na kinafaa zaidi katika usomaji wa vikundi vidogo. Nje ya hapo, msaada mkubwa unao wewe mwenyewe: mtazame unapozungumza, na usiendelee kueleza huku umeuelekea ubao.

Mwalimu wa Darasa la Nne:
Nashukuru sana. Je, huyu wa uoni hafifu asome kwenye kifaa wakati wote? Nahofia pia wenzake watamzonga wakitaka michezo.

Mwalimu wa elimu maalumu:
Hapana, asikitegemee kifaa peke yake. Katika mitihani ya taifa watahiniwa wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa, si kishikwambi, hivyo ni lazima azoee karatasi mapema. Majaribio yake yachapwe kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi. Kuhusu michezo, kwenye mipangilio ya usalama kuna kubandika skrini, ambako huiweka programu moja mbele ya skrini; chagua pia iombe namba yako ya siri kabla ya kuibandua. Wazongaji wakiona ni picha ya ubao tu, watarudi kwenye madawati yao.