Kampuni imepima "moyo wa kazi" kwa kelele za WhatsApp, wanaojua kazi wametupwa nje

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Niko kwenye kampuni ya kupitisha mizigo ya wateja forodhani hapa Malaba, mpakani na Kenya upande wa Uganda, jina silitaji kwa sababu bado nakula hapo. Mwezi uliopita menejimenti ikaleta fomu ya tathmini, ati wajue nani ana ujuzi na nani ana moyo wa kazi, halafu ndiyo waamue nani abaki, nani apandishwe, nani aende nyumbani. Sina shida na kupimwa. Shida ni hiyo fomu.

Upande wa ujuzi kulikuwa na swali moja tu, na supavaiza anakupa maksi kutoka kichwani mwake. Hakuna hata mmoja aliyewekwa mbele ya Asycuda, ile sistimu ya kompyuta ya forodha, akaambiwa hebu ingiza hii entri (tamko la mzigo na ushuru wake) tuone. Na jamani kazi yetu si ya kubahatisha, ukiweka bidhaa ya ushuru wa asilimia 25 kwenye asilimia 10 URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanakurudia, kontena linakwama, dereva ametoka Mombasa analala chini ya lori siku mbili na mteja anapiga simu anatukana. Entri zilizorudishwa na nani alizikosea, yote iko kwenye sistimu! Wangefungua tu waangalie. Hawakufungua.

Sasa upande wa moyo, hapo ndiyo maswali yalijaa. Anatabasamu? Anabaki jioni bila kulalamika? Anachangamka kwenye grupu la WhatsApp?? Wallahi iliandikwa hivyo. Kuna kijana wetu mmoja kila asubuhi anatuma maua na "Mungu awabariki timu", akapata maksi za juu kuliko wote, na huyo huyo entri zake tunazirekebisha sisi (simchukii, ni mtu mzuri, angepewa mtu wa kumfundisha angefika mbali).

Halafu kuna mama mmoja, miaka 8 kwenye kampuni, hata maajenti wa kampuni zingine wanavuka barabara kuja kumuuliza koda, zile namba za kuainisha bidhaa kwa ushuru. Haongei sana. Zamani alikuwa anabaki mpaka usiku, akaacha. Fomu ikasema hana moyo. Lakini nani alimuuliza kwa nini ameacha? Ovataimu haijalipwa tangu mwaka jana, na sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inasema masaa ya ziada siku ya kawaida yanalipwa mara moja na nusu. Unamnyima ng'ombe majani halafu unaandika ripoti kwamba hana maziwa. Huo moyo mnaosema hana ni nyinyi mliuchukua!

Na kibaya zaidi wakajumlisha ujuzi na moyo wakagawa kwa mbili. Asiyejua lakini anataka na anayejua lakini amechoka wote wakatoka na maksi karibu sawa, wakati hao ni watu wawili tofauti kabisa, mmoja anahitaji mafunzo na mwingine anahitaji mtu wa kukaa naye aulizwe nini kimemkwaza, labda mshahara, labda supavaiza, labda mgonjwa nyumbani. Ukishawachanganya kwenye namba moja hujui tena unamtibu nani ugonjwa gani. Wao wakachagua dawa rahisi, fukuza.

Wakafukuza tisa. Siyo kumi, tisa, kwa sababu nasikia ukiachisha watu kumi au zaidi ndani ya miezi 3 inabidi umjulishe kamishna wa kazi. Mnisamehe lakini hiyo siwezi kuiita bahati. Yule mama amepewa notisi ya mwezi mmoja wakati mtu aliyefanya kazi miaka 5 hadi 10 anastahili miezi miwili, na kabla ya kumtoa mtu kwa kusema kazi yake ni mbovu unatakiwa umweleze sababu na umsikilize akiwa na mwenzake aliyemchagua. Yeye aliitwa akasaini barua, basi, akaambiwa arudishe kitambulisho.

Sasa leo foleni ni ndefu, yule wa maua amepewa dawati la yule mama, na menija anazunguka anauliza kwa nini mambo yamekuwa taratibu hivi.

Kama kuna mtu humu amewahi kupeleka kesi kwa afisa wa kazi wa wilaya, Tororo au kwingine, aniambie alibeba karatasi gani na ilichukua muda gani. Malalamiko ya kufukuzwa mwisho ni miezi 3 na siku zinakwenda. Wale wa "mshukuru Mungu bado una kazi" wapite kimya.