Mjadala: Mbu waliobadilishwa jeni wakiletwa Zanzibar, nani awe na haki ya kukubali au kukataa?

Mwanzisha mada, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jambo hili bado halijatufikia mlangoni, na ndiyo sababu nalileta sasa.

Ng'ambo yetu hapo, Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara kwa kushirikiana na Chuo cha Imperial cha London wanafuga mbu waliobadilishwa jeni. Mbu hawa hawakuundwa ili wafe. Wamepewa jeni zinazowafanya watengeneze tumboni protini ndogo mbili, moja asili yake ni sumu ya nyuki na nyingine ngozi ya chura. Protini hizo huchelewesha vimelea vya malaria, mbu akafa kabla havijakomaa. Mwishoni mwa 2025 watafiti walitangaza kuwa zimefanya kazi hata kwa vimelea vilivyotoka kwenye damu ya watoto wagonjwa wa hapa hapa Tanzania. Mbu wenyewe hawajatoka nje ya maabara.

Kinachotazamwa mbele ni kuzifunga jeni hizo na jeni inayojisambaza. Kwa kawaida jeni ya mzazi mmoja hupata nafasi nusu kwa nusu ya kumfikia mtoto. Hii ya kujisambaza hujinakili kwenye kromosomu ya pili, yaani uzi wa jeni uliotoka kwa mzazi mwingine, kwa hivyo karibu watoto wote wanaipata, na wajukuu vivyo hivyo. Ukiachia mbu wachache, baada ya muda wengi wanayo.

Msimamo wangu: utafiti uendelee, nauunga mkono. Lakini Zanzibar iwe na sheria yake ya kuamua kabla hajatokea mtu wa kutuomba ruhusa. Tukisubiri mpaka maombi yaje na fedha zake na wageni wake, hatutakuwa tunajadili, tutakuwa tunapokea.

Najua nitaambiwa kuwa Unguja tulishafanya kwa mbung'o, wale nzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Kweli, na ni jambo la kujivunia. Mbung'o walifugwa Tanga, madume wakapigwa mionzi wakawa tasa, kisha kati ya 1994 na 1997 wakamwagwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Kabla ya hapo ng'ombe walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa ili mbung'o wapungue kwanza. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Akimpata dume tasa, ndiyo basi, hazai. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996.

Lakini tazameni tofauti. Dume tasa haachi mtoto. Siku ndege ilipoacha kuruka, jambo lilikwisha. Kama kungetokea hitilafu, dawa yake ilikuwa kusitisha tu. Jeni inayojisambaza haina kusitisha kwa namna hiyo, kwa sababu inafanywa kusudi iendelee bila sisi. Mtu asitumie ushindi wa mbung'o kutupitishia kitu cha aina nyingine.

Halafu sisi ni kisiwa. Watafiti wengi wanapenda visiwa kwa majaribio ya namna hii kwa kuwa bahari inamzuia mbu. São Tomé na Príncipe tayari wamo katika mazungumzo hayo kupitia Chuo Kikuu cha California. Macho yatageuka huku pia.

Mfugaji, Kusini Unguja

Wa alaykum salaam. Hiyo ndege mimi naikumbuka, ikipita chini mpaka upande wa Jozani. Kabla yake ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, anaanguka, nagana ilituchosha. Baada yake ndipo watu wakathubutu kufuga ng'ombe wa maziwa walio bora. Mimi sikumbuki kuulizwa na mtu, lakini nafaidika mpaka leo. Ingelikuwa tunasubiri kila shehia ikae kikao, tungekuwa bado tunazika ng'ombe.

Kijana wa Bububu

Mbu huyo akiniuma, jeni zake si zinaingia kwangu mpaka kwa kizazi changu?

Mwanzisha mada

Hapana yakhe. Anapouma anakuachia mate, na jeni za mbu haziingii kwenye mbegu zako za uzazi, kama ambavyo jeni za mbu wote waliokuuma tangu utotoni hazikuingia. Tusilitilie jambo hili uvumi, kwa sababu uvumi ukishavunjwa hata hoja ya kweli haisikilizwi tena.

Ila swali lako lina upande wa haki. Burkina Faso mwaka 2019, kijiji cha Bana, waliachia mbu dume tasa waliobadilishwa jeni, na dume haumi. Hawa wa Bagamoyo ni tofauti: jeni inatakiwa ibebwe na majike pia, na majike ndiyo wanaouma. Protini zimekusudiwa zibaki tumboni mwa mbu. Basi tudai tuoneshwe vipimo vya mate, kwa maandishi. Hilo ni swali la kuuliza bila kuona haya.

Mzee wangu mfugaji, nakuheshimu, na sibishi kuwa ng'ombe walipona. Lakini safari ile kosa lingeweza kurekebishwa. Ndipo ninaposimama.

Muuguzi, Pemba

Nyinyi mnazungumza habari ya kesho, mimi niseme ya leo. Akija mgonjwa ana homa namchoma kidole, kitone cha damu kwenye kipimo, nasubiri mistari. Ikitoka miwili natuma taarifa, afisa wa wilaya anaifuata nyumba na tableti yake mkononi, anawapima waliomo wote. Anauliza nani kasafiri, kalala wapi. Kazi hii, pamoja na vyandarua na dawa ya kupuliza ukutani, ndiyo iliyoiteremsha malaria chini ya asilimia 1 ya watu kwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa 2023 wagonjwa walipanda tena na kila mtu akashtuka.

Hofu yangu ni fedha. Wafadhili wakipata mbu wa ajabu, watasema vyandarua basi. Wazee wetu waliyaona haya: kampeni kubwa ya DDT, dawa ya kuua mbu, ilianza miaka ya 1950, malaria ikashuka sana, 1968 ikasimamishwa na ugonjwa ukarudi. Teknolojia haikushindwa pale, ni kazi iliyokatwa.

Na bado nasema mbu hawa nawataka. Mbu wetu wamezoea dawa, na siku hizi wengi wanauma nje watu wakiwa barazani, chandarua kiko chumbani. Tumejaribu mengine: 2019 droni zilinyunyizia mabonde ya mpunga kimiminika kinachotanda juu ya maji ili viluwiluwi vikose hewa. Ni kazi nzuri, lakini bonde unalirudia kila mara. Mbu anayeifanya kazi mwenyewe unamkataaje?

Mwanafunzi wa sheria, Mjini

Mwanzisha mada, unasema sheria, lakini hujasema nani aamue. Kwenye utafiti wa dawa kila mtu anatia saini yake, asiyetaka anatoka. Kwa mbu, kijiji kimoja kikikubali na cha jirani kikikataa, mbu hajui mpaka wa shehia. Wa pili katiwa ndani bila ridhaa yake.

Na Muungano je? Afya na mazingira si mambo ya Muungano, Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya 2015. Lakini kibali kikitolewa Bara, mbu atapanda boti ya Bandarini kama abiria. Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa, inahusu viumbe hawa kuvuka kutoka nchi hadi nchi, na mbele ya itifaki hiyo sisi na Bara ni nchi moja. Hapo hatuna kinga.

Mwanzisha mada

Hapo umegusa kiini. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja haiwezekani, na ridhaa ya shehia moja ni kuwadhulumu wengine. Kwa hivyo nasema uamuzi uwe wa Baraza la Wawakilishi, kwa kura ya wazi, baada ya vikao vya hadhara katika wilaya zote za Unguja na Pemba, na maelezo yatolewe kwa Kiswahili kabla ya vikao, si siku ya kikao. Serikali mbili ziandikiane kwamba hakuna kuachia mbu mwenye jeni inayojisambaza upande wowote bila wa pili kukubali. Waanze na mbu tasa, kama ilivyokuwa kwa mbung'o. Na dada yetu muuguzi, sharti lako liandikwe: bajeti ya vyandarua, upulizaji na ufuatiliaji isiguswe.

Tazameni Burkina Faso. Agosti 2025 serikali yao iliusimamisha mradi ule wote, miaka mingi ya kazi, ikaamuru sampuli ziharibiwe. Sisemi walikosea au walipatia. Nasema pale hata wanaoupenda mradi wamepoteza.

Mfugaji, Kusini Unguja

Vikao sawa. Lakini weka na muda, mwanangu. Mwaka mmoja, kisha kura. Vikao visivyo na mwisho navyo ni kukataa.

Muuguzi, Pemba

Mwaka mmoja naukubali. Na kikao cha kwanza kiwe Micheweni, huku Pemba, si Mjini.

Mwanafunzi wa sheria, Mjini

Bado fidia. Jeni ikivuka ikaleta madhara miaka ishirini mbele, chuo cha London kitashtakiwa katika mahakama ipi? Mwenye jibu alete.