Naomba ushauri: prodyuza anataka kijana auawe mwisho wa filamu, mimi nataka aishi

Binti_Uwani:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaojua mambo ya filamu na mnaoziangalia kwa makini. Mimi ni mwandishi wa skripti, nipo hapa hapa Dar. Nimeandika hadithi ya mapenzi kati ya kijana wa panya road, yale makundi ya vibaka wenye mapanga, na binti wa familia yenye heshima zake, miaka ile ya 2015 mji ulipokuwa unafunga milango mapema. Kwenye skripti yangu, mwishoni kijana anapanda basi la alfajiri kwenda Tanga na binti anamfuata baadaye. Prodyuza amekataa. Anasema watu hawalipi hela kuangalia basi la Tanga, wanalipia panga na tairi. Anataka kijana akimbizwe na wananchi, apigwe, achomwe moto, binti afike kila kitu kimeisha.

Tunakutana Ijumaa. Usingizi sipati. Steringi afe au aishi?

Mzee wa Banda Umiza:
Steringi hafi. Mambo mengine mtajua wenyewe. Sisi tumekulia banda umiza la Buguruni, kile kibanda cha kuonyeshea video, mtafsiri anakwambia mapema kabisa "huyo mwenye shati jekundu ndiye steringi, msihangaike naye", na kweli hapigwi risasi hata moja. Siku moja wakaleta picha ambayo steringi alikufa, watu wakagoma kutoka mpaka warudishiwe hela. Mwenye banda alikimbilia dirishani.

sinema_mezani:
Mleta mada, soma hii vizuri. Tsotsi, filamu ya Afrika Kusini ya 2005 iliyoongozwa na Gavin Hood, ilikuwa na tatizo hilo hilo lako. Jambazi kijana wa Johannesburg anaiba gari, anakuta mtoto mchanga ndani. Kwenye riwaya ya Athol Fugard iliyozaa filamu hiyo, kijana anakufa akijaribu kumwokoa mtoto. Kwenye filamu anasimama getini kwa wenye mtoto, mikono juu, polisi wamemwelekezea bunduki, na picha inaishia hapo. Walipiga na miisho mingine, ukiwemo wa kupigwa risasi, wakaiacha. Filamu ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni 2006. Kwa hiyo anayekwambia bila maiti hakuna filamu, mwambie akaitazame.

Na angalia mapenzi yalivyokaa mle. Kijana anamlazimisha Miriam kwa bastola amnyonyeshe mtoto. Hakuna busu wala wimbo. Lakini pale pale ndipo anapoanza kubadilika, kwa sababu kuna mtu mmoja anayemtazama kama binadamu. Huku kwetu mapenzi ya kihuni tunayaandika kama pambo, binti kazi yake ni kulia juu ya maiti. Wewe binti yako anafanya nini zaidi ya kulia?

Mama Wawili:
Mimi nasema ukweli hata kama mtanichukia. Filamu zenu ndizo zinazofundisha watoto mapanga. Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la sita alianza kutembea na bisibisi kwenye begi, nikamuuliza ya nini, akasema "kama yule kwenye picha". Sasa unataka jambazi aishi na apate na mchumba juu! Auawe, watoto wajifunze.

konda_mstaafu:
Mama, hata akiuawa watoto wanakumbuka lile panga tu. Lakini tuyaache hayo. Mimi ile Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015 nilikuwa kwenye gari, tunatoka Kariakoo. Kufika Magomeni watu wanakimbia, ukimuuliza mtu anakimbia nini anasema panya road wanakuja. Wanakuja kutoka wapi? Kila mtu anaonyesha upande wake. Dereva akazima taa. Abiria mmoja mama mjamzito akasema "mwanangu usinishushe hapa", tukampeleka mpaka mlangoni kwake, gari zima, hakuna aliyelalamika. Mimi sikumwona panya road hata mmoja usiku ule. Nilichoona ni woga wa watu. Hicho sijakiona kwenye filamu yoyote ya Bongo, wote mnakimbilia mapanga.

Sini zenu mnapigia wapi?

Binti_Uwani:
Asanteni wote. Konda, hapo kwenye woga umenigusa sana, naomba niichukue ile ya mama mjamzito. Tutapigia Manzese. Hadithi kwa asili ni ya Mwananyamala ila tumeihamisha.

Mtoto wa Tip Top:
Manzese tena? Kwa nini kila mwizi wa Bongo muvi anakaa Manzese? Nimezaliwa hapa, baba yangu amesomesha watoto wote kwa kuuza mitumba hapa. Mkitaka kuonyesha mapenzi mnaenda Masaki na ufukwe wa Coco, mkitaka kibaka mnakuja kwetu na kamera. Mmemtoa Mwananyamala kwa sababu gani? Huko hakuna uchochoro?

dada_mhariri:
Mimi kazi yangu ni kuhariri picha, waandishi nimekaa nao sana. Mwandishi hukasirika prodyuza akigusa kazi yake, hilo ni la kawaida. Kukosa usingizi kwa sababu mhusika wa kubuni anakufa, hilo bado sijaliona. Na mtu hahamishi hadithi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila sababu. Hii hadithi ni ya nani, mdogo wangu?

Binti_Uwani:
Dada, hadithi ni yangu, nimeiandika mwenyewe. Majina yote nimebadilisha. Mtaa tumeubadilisha kwa sababu za uzalishaji tu. Naomba tubaki kwenye swali.

dada_mhariri:
Majina yapi umebadilisha, kama ni ya kubuni?

Mzee wa Banda Umiza:
Hapo nimevuta kiti.

Binti_Uwani:
Sawa. Ni jambo lililotokea mtaani kwetu. Binti ni mdogo wangu wa kunifuata. Ameshaolewa, ana watoto, mumewe hajui lolote. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa anakuja usiku, anaruka ukuta wa uani, wanakaa nyuma ya tenki la maji wanazungumza kwa kunong'ona mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nilikuwa najua. Usiku mmoja hakurudi kwao. Basi, ndiyo hivyo. Kila mwandishi anachukua kwenye maisha, sijafanya jambo la ajabu.

Pima_Maji:
Wakuu, hii ni CHAI, hadithi ya kutunga, na sukari imezidi. Rudini juu msome. Mwanzo kijana ni panya road, sasa hivi amekuwa fundi mageti. Mwanzo anapanda basi la Tanga, sasa hakurudi kwao. Mtu mwenye siri ya familia haimwagi mtandaoni mbele ya watu asiowajua. Huyu ndiye prodyuza mwenyewe anapasha moto soko, subirini trela wiki ijayo na jina la filamu hapo juu. Mods, uzi huu uhamishiwe matangazo.

Mama Wawili:
Na mimi nilishaanza kumhurumia! Dah.

sinema_mezani:
Chai au si chai, swali lina maana. Ila mleta mada, ukitaka tuendelee, jibu lile la panya road.

mpiga_debe_Tandika:
Wakati tunamsubiri niwaambie langu. Mimi nimeshaitiwa mwizi. Nilikuwa nakimbilia gari la Mbagala, mbele yangu kuna mtu kapora simu, nyuma yangu mtu akapiga kelele, mimi nikageuka kuangalia. Kugeuka kule ndiko kulikoniponza. Jiwe la kwanza hata sijui lilitoka wapi. Aliyeniokoa ni mama muuza chapati, alinilalia juu akawa anasema "huyu ananunua kwangu kila asubuhi". Hakuna aliyeuliza simu iko wapi. Mpaka leo mkono wa kushoto haunyooki. Kwenye filamu wanaonyesha kundi limekasirika, macho mekundu. Mimi niliwaona wengine wanacheka, na mmoja alikuwa anakula muhindi. Kama hii ni chai basi na yangu ni chai.

Binti_Uwani:
Pima_Maji, hakuna chai hapa. Kwenye maisha alikuwa fundi. Kwenye skripti ni panya road kwa sababu prodyuza alisema fundi mageti hakai kwenye bango, kijana ashike panga ndipo watu wageuke. Nilikubali. Advansi nimeshapokea, mkataba nimesaini, na kodi ya nyumba nimelipa kwa hela hiyo. Wangapi humu wangekataa?

Na mnaotaka kujua nani alimuona ukutani, ni kaka yetu mkubwa. Ilikuwa Januari ile ile, kila mtu analala na nondo chini ya kitanda. Aliona mtu gizani juu ya ukuta, akaita mwizi. Hakumgusa hata kwa kidole. Waliomuua ni watu wa barabarani, wengine hata si wa mtaa wetu. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya tenki, nilimziba mdomo kwa mkono wangu.

Mama wa kijana bado yupo. Unga ananunua dukani kwa kaka. Sauti ilikuwa ya nani, hajui.

Ndiyo maana nataka apande basi. Mnisome vizuri: simfichi kaka. Nataka angalau kwenye kioo afike Tanga.

Mtoto wa Tip Top:
Kumbe ndiyo maana Manzese.

dada_mhariri:
Mdogo wangu, pole sana, na pole kwa mdogo wako zaidi. Lakini nitasema. Basi la Tanga linamsaidia kaka yako. Ukimpandisha kijana basi, ukuta haupo, sauti haipo, duka la unga halipo. Prodyuza anamuua kwa ajili ya tiketi, wewe unamsafirisha kwa ajili ya nyumba yenu, na wote wawili mmemkuta fundi mkamshikisha panga. Mama yake akiona bango, mtoto wake atakuwa amezikwa mara ya pili, safari hii kama jambazi.

Binti_Uwani:
Mama yake haangalii filamu. Na majina si yale.

dada_mhariri:
Mtaa mzima utaangalia. Watamwambia.

mpiga_debe_Tandika:
Dada mhariri usimkaange sana. Angalau yeye anaandika. Waliompiga mtoto wa watu wako majumbani kwao wanaangalia tamthilia.

sinema_mezani:
Kwa faida ya wote. City of God ya 2002, ile ya Brazil, imetokana na riwaya ya Paulo Lins aliyekulia pale pale. Waigizaji wengi walikuwa vijana wa mitaa ya namna hiyo, wakafundishwa kuigiza kwanza. Dunia ikashangilia. Lakini MV Bill, mwanamuziki wa rap wa mtaa ule ule, alilalamika hadharani kwamba filamu imewachafulia jina na wao hawajafaidika na kitu. Kwa hiyo hata kazi nzuri kabisa inaweza kumuumiza aliyeachiwa mtaa.

Mfano wa pili, Nairobi Half Life, 2012. Mwas anakuja mjini kutafuta uigizaji, anaporwa, anaingia kwenye genge. Yule kijana kabla hajashika bastola tumeshamjua anapenda nini, kwa hiyo kila anachofanya kinauma. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora tamasha la Durban kwa kazi ile. Fundi wako mpe moto wa kuchomelea, mpe mageti aliyotengeneza mtaani, watu wayaone kabla ya ukuta. Nani kakudanganya kwamba fundi hakai kwenye bango?

Na hapa hapa nyumbani, T-Junction ya Amil Shivji, 2017, hadithi inabebwa na mabinti wawili wanaozungumza hospitalini. Mdogo wako nyuma ya lile tenki anatosha kubeba filamu.

Pima_Maji:
Swali la kiufundi, kama kweli. Skripti imeshapelekwa Bodi ya Filamu? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na skripti inapelekwa. Kama walishapeleka ile ya panga, kubadilisha si maneno ya Ijumaa moja.

Binti_Uwani:
Haijapelekwa. Wanasubiri mwisho niuandike mimi.

Pima_Maji:
Basi nafasi unayo. Bado moyo wangu unasema chai, ila ile ya kumziba mdogo wako mdomo hakuna prodyuza angeibuni.

Mama Wawili:
Nilisema auawe, nilidhani ni jambazi. Mdogo wako mwenyewe anajua kwamba unaandika?

Binti_Uwani:
Hajui. Kaka naye hajui. Ijumaa nitamwambia prodyuza kijana abaki fundi, akikataa nitajua cha kufanya. Hela yake siwezi kuirudisha yote kwa mara moja, hilo nalo mnishauri.

konda_mstaafu:
Hela utazungumza naye, prodyuza ni mfanyabiashara, ataelewa kulipwa kidogo kidogo kuliko kubaki bila mwandishi. Jambo la hela lisikutangulize. Kabla ya Ijumaa anza na mdogo wako, peke yake, mumewe akiwa kazini, na akisema hapana iwe hapana. Kaka yako mfuate baada ya hapo, tena si dukani. Mchukue na shangazi yenu au mtu mzima yeyote anayemheshimu, kwa sababu kwa yule mama hamuendi bila yeye. Atakayesema ilikuwa sauti ya nani ni yeye, usimsemee wewe kwenye filamu.