Naomba ushauri: mama mkwe aagize nini kwa Wabangladeshi?

Habari zenu wakuu. Niko London mashariki huku, kuna mgahawa wa Wabangladeshi mimi na waifu tumeuzoea kabisa, bango la nje linasema chakula cha Kihindi ila wenyewe ni watu wa Sylhet, mkoa wa huko Bangladesh, kama ilivyo migahawa mingi ya kari hapa Uingereza. Sasa mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi ujao nataka nimtoe auti pale, shida mama haziwezi pilipili, ana vidonda vya tumbo, na mimi siku zote nachukua nyama ya ng'ombe ya shatkora, ile ndimu yao yenye ganda nene wanaikatia humo humo kwenye mchuzi, ina kauchungu fulani katamu balaa lakini sio ya kila mtu. Korma, ile kari yao laini ya krimu isiyo kali, naona sukari nyingi mno kama uji, atanisema mpaka anarudi Tanga. Nimewaza samaki ilish maana yeye mtu wa pwani, ila yule ana miba midogo midogo hatari halafu wanampika na haradali.

Mnaokula huko, kipi hakina pilipili ila kina ladha ya ukweli? Na naweza kuomba jikoni watupikie dengu na samaki wa kawaida nje ya menyu au nitaonekana msumbufu? Halafu mama anakula kwa mkono, kwao Bangladesh ndo kawaida najua, ila pale ndani wote wameshika uma, nimwache tu?